Mlango wa Sebuleni

Nimejenga mabanda ya nguruwe, nimechimba vyoo, nimewahi kuingia ndani ya tangi la maji machafu nikaliziba ufa kwa mikono yangu miwili, na sikutapika. Kazi ya kile chumba ndiyo iliyonichefua.

Mwenye nyumba aliniita nimwongezee chumba ubavuni mwa nyumba yake, pamoja na choo, ili wazazi wake wahamie humo. Nilifurahi, sioni haja ya kuficha, maana siku hizi watu wanajengea magari yao. Ramani ilikuwa nzuri: dirisha pana, na mlango wa ndani unaotokea sebuleni, ili wazee wakitaka kukaa na wajukuu waingie bila kukanyaga nje. Mlango wa pili ulitokea uani, kwenye mapipa ya taka.

Kila jioni bwana alikuja kupiga picha. Aliazima mwiko wangu wa kupigia plasta, akaushika kama mtu aliyeshika panya mkiani, akatabasamu, mkewe akampiga picha. Picha zilirushwa kwa ukoo mzima, na wakimsifu kwa kuwakumbuka wazee ananisomea sifa zote, neno kwa neno. Kisha anajifuta mikono kwa dawa ya manukato, kidole kimoja kimoja, nami naangalia pembeni.

Tulikuwa tumeshafunga linta, ile boriti ya zege, juu ya mlango wa ndani aliponijia peke yake, akiongea chini chini.

"Fundi, ule mlango wa sebuleni uzibe."

Nikamwambia upo kwenye ramani.

"Najua. Lakini wazee wana harufu yao, si unaelewa? Dawa za kuchua, mikojo mikojo. Na sisi tunapokea wageni pale."

Nikamuuliza watapita wapi. Akasema watazunguka nje, ni hatua chache tu, tena mazoezi ni mazuri kwa watu wazima. Alisema huku amekunja pua, utadhani wazazi wake wameshafika. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni. Nilitamani kutema mate, na mahali pa kutemea nilipaona wazi, katikati ya viatu vyake.

Sikutema, kwani nami nina watoto wanaokula. Nilifanya ujanja wa kifundi: nikapanga matofali kwa udongo mtupu, bila chembe ya saruji, nikapaka plasta nyembamba juu yake. Kwa macho ulikuwa ukuta, ila bega la mtu mzima lingeuangusha. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Wazee walikuja Jumamosi asubuhi. Baba mtu alikuwa mwembamba, kofia mkononi. Mama mtu alitembea kwa kushika kuta, magoti yamechoka. Mwana akawatembeza kama dalali. Mzee hakujali dirisha wala rangi. Aliingia moja kwa moja chooni, akachuchumaa kwa taabu, akakagua bomba la maji machafu linavyoshuka.

"Umeliwekea mteremko mzuri," akaniambia. "Hili haliwezi kuziba. Nimezibua mitaro miaka thelathini, bomba baya nalijua kwa kulitazama tu."

Nikamwangalia mwanawe. Alikuwa anajifuta mikono. Amesomeshwa na mitaro ile, analala kitandani kwa sababu ya mitaro ile, na leo anaogopa wageni wasije wakasikia harufu.

Mama mtu alipapasa ukuta mpya mpaka akafika pale nilipoziba mlango. Akagonga kidogo kwa kidole.

"Mwanangu, ukitaka kutusalimia asubuhi utapita wapi?"

"Nitapiga simu, mama," akajibu, kisha akatoka kwenda kushusha mizigo.

Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. Nikamsogelea mzee, nikamnong'oneza kila kitu: kwamba palikuwa na mlango, kwamba nimeuziba kwa udongo, kwamba siku akichoka kuzunguka asukume kwa bega tu na njia itapatikana. Mdomo wangu haukuishia hapo. Nikamwambia na habari ya harufu, ili ajue ni nani alikuwa upande wake. Nikasubiri anishike mkono.

Mzee aliigeuza kofia yake mara mbili tatu. Mkewe alikuwa amesikia yote. Aliketi juu ya ndoo ya rangi, akainamia magoti yake.

"Nilikuwa nikitoka kazini naoga uani kwanza, ndipo nambeba mwanangu," mzee akasema. "Kila siku. Nilidhani nilikuwa natakata."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe unataka nivunje ukuta ili niingie kwa mwanangu?"

"Hapana, mzee. Nilidhani..."

"Bomoa, upange upya. Weka saruji. Kama ni ukuta, uwe ukuta."

Nikabomoa mchana huo huo, mwanawe akiwa ameenda mjini kununua godoro. Nilikoroga saruji nzito kuliko niliyoweka kwenye msingi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenishikia timazi ya kupimia unyoofu wa ukuta, mkono wake hautikisiki, na kila tofali lililokaa upande aliniambia nilipange upya. Tulifika chini ya linta mwana aliporudi. Akasimama kwenye mlango wa uani, akatuona, wala hakuuliza kwa nini ukuta unapangwa upya, akafurahi. Alisema baba bado ana nguvu zake, akatoa simu, akatupiga picha.

Nilipofika nyumbani nilinawa mikono. Nikanawa tena, kwa sabuni, kidole kimoja kimoja.