Vipande vya Mwisho

Kipande cha soketi kilianza kulegea kwenye nyuzi joto themanini na tisa. Nikadhani mashine imeingiwa na wazimu. Nikarudia mara tatu, kikalegea pale pale. Plastiki yetu ya soketi hustahimili mia moja na thelathini, nami ndiye niliyeitilia sahihi namba hiyo miaka kumi na mmoja.

Siri yake ni unga laini kuliko moshi, unaochanganywa ndani ili plastiki ivumilie joto. Ila unga huo ukishika unyevu hugandana, na sisi siku zote tulikata sampuli kwenye vipande vya kwanza vya kila mfuko wa unga, mchanganyiko ungali mkavu na mzuri. Vya mwisho hatukuvipima hata siku moja. Tuligawana sisi wafanyakazi, bure, tukichekeana. Leo nilikipima kimoja kwa kukosa kazi tu. Laiti ningelala!

"Yaliyopita si ndwele, mama," msimamizi akanambia. "Kesho tutaukausha unga. Hivyo vya bure, nani atauliza?"

Nani atauliza! Mwaka jana nyumba ya mdogo wangu iliungua, mkewe akafia ndani. Soketi zote za nyumba ile nilimpa mimi, mfuko mzima wa vile vya bure, zawadi ya harusi. Yeye aliapa kwamba soketi ndiyo iliyoyeyuka kwanza. Mimi nikasimama mbele ya ukoo nikasema, "Plastiki yetu haiyeyuki ovyo. Kaacha pasi kwenye umeme, basi." Nani angenibishia, mtu wa vipimo? Tangu hapo mama yetu hapokei hata salamu yake.

Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichopanga. Nikamweleza yote nikiwa bado mlangoni, maana nilijua nikiketi sitasema. Nilitaka anipige. Wallahi, nilitaka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapangusa kiti chake cha pekee.

"Keti, dada. Mama umeshamwambia?"

"Bado. Nakwenda sasa hivi."

"Usiende."

"Lakini wewe huna kosa! Mke wako nimemuua mimi!"

Aliangalia pembeni. "Mimi mama alishanizika," akasema. "Ukimwambia, atakuzika na wewe. Mwachie mtoto mmoja, dada."

Ningepaswa kukataa. Nami, Mola anisamehe, nikaketi nikashusha pumzi.