Gurudumu Lenye Homa

Gari la mume wangu lilikuwa likivuta kushoto. Watoto wetu wakasema mkono wa mzee umechoka, anyang'anywe ufunguo. Mjukuu wetu, ambaye ni fundi, akaliendesha mwenyewe, kisha akashuka akagusa rimu moja moja.

"Bibi, kitendawili!"

"Tega!"

"Nina punda wangu, mguu mmoja una homa."

Nikagusa gurudumu la mbele kushoto, nikaruka kama niliyeshika sufuria ya moto jikoni. Breki ya hapo ilikuwa imeng'ang'ania, haiachii.

"Mmeona? Si mkono wangu!" mume wangu akatamba.

"Mkono mzima, babu. Tatizo pua! Harufu yote hii ya kuungua hukuisikia?"

"Nilidhani ni mapishi ya bibi yako."

Ufunguo amerudishiwa. Chakula cha mchana atajipikia.