Picha Kumi na Tano za Buibui

Arobaini ilipopita na jamaa wa Ziwani wakakunja mikeka yao wakaenda zao, Mwaisha alibaki na nyumba, na eda, na kamera yenye mkanda ambao haujaisha. Alikuwa amechoka. Msidhani kukaa ni kupumzika, jamani. Hebu mkalie mkeka miezi minne na siku kumi, kila anayeingia akwambie pole, nawe umjibu tumeshapoa, halafu ndio mje mniambie habari za kupumzika. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na kuitikia pole nako kulishaanza kumuuma.

Kamera ilikuwa ya marehemu mumewe, Yassini. Miaka ishirini na mbili alizunguka nayo, ya Kirusi, nzito kama tofali, kutoka pale kwao Ufukoni hadi vijiji vya korosho, akipiga harusi, jando na wazee waliotaka kumbukumbu. Yeye mwenyewe hakuwa na picha hata moja, ila ile ndogo ya kwenye kadi ya chama, ya ujanani, muhuri umemkata mdomo. Kinyozi hajinyoi. Ukimwambia ajipige, anakujibu mkanda ni wa wateja. Mpaka Idd ya mwaka huo wa tisini na nane, Mwaisha alipomkamata kanzu akasema leo hatoki mtu hapa kabla hatujapiga yetu. Basi Yassini akaiweka kamera mezani, akavuta kile kiwiko kinachohesabu chenyewe, akakimbilia kochi. Ikalia chaka! Ilikuwa picha ya ishirini na moja. Wiki tatu baadaye homa ikamchukua.

Kwa hiyo ndani ya kamera ile walikuwamo wote wawili, mume na mke, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mwaisha aliitaka picha ile kuliko alivyotaka kula. Lakini mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita, na Yassini alikuwa na sheria yake: mkanda hautolewi haujaisha, anayeutoa ni mharibifu. Kumvunjia marehemu sheria yake, na udongo wa kaburi haujakauka? Hakuweza. Zilibaki kumi na tano, na mwenye eda hatoki nje. Sasa apige nini? Awapige wanawake waliokuja kumlilia? Wangemtangaza mpaka Mikindani.

Ndipo siku moja, amelala chali akitazama dari, akawaona buibui.

Walikuwa tele. Hakuna aliyewaua nyumbani mle, maana wazee walishasema ndiye aliyemstiri Mtume pangoni. Tena kazi yenyewe Mwaisha aliijua. Misimu ya mvua, harusi zilipokosekana, Yassini alikuwa akiwapiga kwa kujifurahisha tu, na mkewe ndiye aliyemshikia kioo. Unafungua lenzi, unaigeuza mbele nyuma, unaibana kwa mkono kwenye kamera, na kidudu kisichofika ukucha kinajaa jicho zima. Huzungushi kitu. Unasogea wewe mwenyewe, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka macho yake yatulie, unabana pumzi, unafyatua. Jua unalidaka uani kwa kioo na kulirusha ukutani.

Akatafuta kioo, akakiegemeza kwenye ndoo mlangoni. Wa kwanza alikuwa yule bapa wa nyuma ya kabati, wa rangi ya vumbi. Wifi yake Warda, dada wa marehemu, aliyekuwa akimpikia siku zile, akaingia na bakuli la uji.

"Astaghafirullah! Mwaisha! Umo edani na kioo!"

"Sijitazami, wifi. Namwangazia huyu."

"Huyu nani?"

"Buibui."

Warda akaweka bakuli chini polepole. Akasema atamwita shehe. Mwaisha akamwambia amwite, ila kwanza asogee, amesimama juani.

Hee, yalisemwa! Kwamba kachanganyikiwa, kwamba kapagawa. Yeye hakuwa na nguvu ya kubishana. Siku nyingine alipiga mmoja, siku nyingine aliiweka kamera chini bila kupiga akalala. Akampiga yule mdogo wa dirishani anayeruka, mwenye macho mawili makubwa mbele yaliyomtazama bila haya. Akampiga yule wa miguu mirefu wa pembeni mwa dari, aliyebeba mayai yake mdomoni siku nyingi bila kula chochote. Kwa huyo alisimama juu ya kigoda hadi miguu ikafa ganzi.

"Nawe umechoka, shoga," alimwambia. "Angalau wewe hawakuletei uji."

Eda ilipokwisha mkanda nao ulikuwa umekwisha. Mwaisha akaoga, akavaa, akaipeleka kamera mwenyewe mjini kwa Kassimu, kijana mwenye studio karibu na soko, aliyefundishwa kazi na Yassini. Baada ya siku mbili akarudi. Kassimu alikuwa amezipanga juu ya kaunta, na watu wawili wameziinamia.

"Mama, hawa buibui kawapiga nani? Angalia manyoya ya miguu! Marehemu mwenyewe hakuwahi kupata hivi."

"Nipe ya ishirini na moja."

Kassimu akainama chini ya kaunta. "Hiyo, mama, iliharibika. Sikutaka hata kuisafisha."

"Nipe."

Kwenye picha alikuwa Mwaisha peke yake juu ya kochi, anang'aa, anacheka, kageuza uso pembeni. Nafasi iliyo kando yake ilikuwa tupu. Ukingoni mwa picha palikuwa na kipande cha mkono wa kanzu na kiganja kilichotiwa ukungu na mbio, hata vidole havihesabiki. Yassini hakuwahi kufika.

Akaishika picha ile kwa mikono miwili, na maneno ya siku ile yakamrudia, aliyoyasahau au aliyojisahaulisha. Yassini alikuwa ameketi anahema, akasema, "Sidhani kama nimewahi. Tupige nyingine." Mwaisha akawa ameshainuka, pilau inaungua jikoni, magoti yanamuuma tangu alfajiri. Akamjibu bila kugeuka kwamba amechoka, inatosha, asiumalize mkanda wa watu.

"Lakini hawa buibui, mama," alisema Kassimu, akitafuta la kumliwaza, "nitawakuza niwaweke dirishani. Zote kumi na tano. Hakuna hata moja iliyoharibika."

"Kumi na tano," alisema Mwaisha. "Na yeye aliniomba moja tu, nikamwambia nimechoka."