Kakakuona Hana Pingamizi

Usinitazame hivyo. Ni wewe uliyepita mbele ya ofisi ya kijiji Jumatatu, ukaliona tangazo la mgodi wa makaa ya mawe, ukageuza shingo kuangalia mbuzi wa watu. Hata mwaka ule walipochimba makaa kule Litumbo ulikuwa unaangalia mbuzi. Mimi sisahau. Basi kaa, usikie.

Jana usiku usingizi ulinipeleka kwenye kikao cha kutoa kibali. Tuko ndani ya ofisi ile ile ya kijiji, ila sakafu ni majani makavu ya msitu wa Lihanje, na chemchemi tunayokunywa inatoka chini ya kabati. Kwenye mabenchi wamekaa mbega, kila mmoja ana sanduku miguuni.

"Mnasafiri?" nikawauliza.

"Tunasubiri lori," akajibu mkubwa wao. "Walipochimba Litumbo waliandika kwamba tutahamishwa. Tukafunga mizigo."

Mbega wa kwetu ana mabega meupe. Hawa ni weusi tii mpaka ncha ya mkia. Vumbi la makaa.

"Tangu mwaka ule?"

"Labda limepata pancha," akasema.

Akaingia mtathmini wa mazingira. Amevaa suti na buti safi, na juu ya shingo, mahali pa kichwa, ana muhuri. Hakuna aliyeshangaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Hyera, akaufuta kwa leso.

"Sheria inasema kila atakayeathirika asikilizwe," mtathmini akasema. "Nani anaishi kwenye eneo?"

Akaletwa kakakuona, mwanawe amempanda mkiani. Shimo lao liko pale pale chemchemi inapochomoza, na hapo ndipo jembe la kwanza la mgodi litakapoingia. Mtathmini akapiga magoti, akamwegemezea upande wa muhuri, pale ambapo pangekuwa na sikio.

"Nimemsikiliza," akasema. "Anapumua. Wekeni alama ya vema."

"Lakini hajasema kitu," nikasema.

"Bwana Mapunda, sheria imesema asikilizwe. Haikusema aseme."

Mzee Hyera aliona haya kidogo, akakumbuka mila. Kwetu kakakuona akionekana, wazee humwekea unga, maji na mkuki, naye huchagua. Akiufuata unga, ni mwaka wa shibe. Maji, mvua. Mkuki, vita. Mzee akamwaga unga sakafuni, akaweka bakuli la maji. Mkuki haukupatikana, wakaweka bonge la makaa ya mawe.

Kakakuona akaufuata unga. Nilimwona kwa macho yangu, mkia unaburuza mstari mweupe. Mtathmini akainama aone vizuri, muhuri ukamwelemea, ukagonga meza: pu. Kakakuona akashtuka, akajikunja duara, mtoto ndani.

"Ameinama," mtathmini akasema. "Hana pingamizi."

"Anamficha mtoto."

"Mtoto hayumo kwenye tathmini. Tulihesabu wanaoonekana."

Bonge la makaa likakohoa. "Hata mimi nilikuwa msitu," likaniambia, kama mgonjwa anayeongea na jirani wa wodini. "Nikanyamaza. Ona wanavyonifanya."

Mara tuko chini kabisa ya shimo la Litumbo, maji ya kijani yanatufika magotini, hakuna mti mpaka juu. Chemchemi imekauka kama koo la mwizi. Mtathmini anainama juu ya lile duara, anaacha maandishi ya zambarau kwenye magamba: HAMISHA. Mbega wanasogeana kwenye benchi, wanampa kakakuona nafasi.

Nikataka kupiga kelele. Kidevu changu kiko magotini, hakinyanyuki.

"Na huyu?" mtathmini akauliza.

"Mapunda? Huyu maneno hayamwishi," akajibu Mzee Hyera.

"Leo amejikunja. Hana pingamizi."

Muhuri ukaanza kunishukia.

"Baba Gaudensi, amka." Ni mke wangu, Skolastika, kasimama mlangoni. "Nani kachezea unga wangu?"

Nikamfuata jikoni. Kwenye jamvi alikolaza unga wake kuna mstari mpana wa mkia, kutoka ukingoni mpaka katikati. Katikati pamebonyea duara, ukubwa wa chungu. Alama ya kutoka hakuna.

"Panya," nikasema.

"Panya wa mkia huu? Labda umemlea wewe."

Sasa nakuambia wewe. Kikao cha kweli ni Alhamisi, saa nne asubuhi, hapo hapo ofisini. Kimya chako wameshakitengea nafasi ya muhuri. Achana na mbuzi wa watu. Inuka sasa hivi, kamwite jirani yako, mje mkaseme hapana kwa midomo yenu wenyewe. Na mkisema, simameni wima, shingo juu. Ukiinama hata kufunga kamba ya kiatu, wataandika.