Mafuta Yasiyochacha

Jumanne, siku mbili baada ya kupakwa mafuta kanisani, paji la uso la Mama Adrienne lilitoka malengelenge. Yalijipanga mstari mmoja wa kushuka na mmoja wa kukatiza, msalaba kamili, upana wake sawa na kidole gumba cha Pasteur Élie. Jirani yake Marceline aliuona msalaba ule wakati wakisalimiana juu ya ukuta wa uani. Mtaa mzima ulianza kukisia. Marceline hakuwa na haja ya kukisia, maana mafuta yale aliyatengeneza yeye. Akamwambia mama mzee pole, akaingia ndani, akanyamaza.

Mafuta ya karanga, kila mtu Likasi anajua, hayana uvumilivu. Yakikaa miezi miwili yanachacha, na aliyepakwa hunuka kama kikaango kisichooshwa. Masista wa Lubumbashi ndio waliomfundisha Marceline dawa yake: tia mafuta ya maganda ya ndimu, nayo yatazuia hewa isiyaharibu yale ya karanga. Tangu hapo chupa zake zilikaa msimu mzima zikinukia vilevile. Pasteur Élie alifurahi mno, akazihubiri madhabahuni kwamba ndiyo mafuta ya Mungu, mafuta yasiyooza. Marceline alikuwa akiketi safu ya pili, akiinamisha kichwa, akiacha ndimu ipewe sifa za mbinguni. Kanisa ndilo lililokuwa likimlisha, na mkono mtupu haulambwi.

Lakini sista alikuwa ameonya jambo moja. Maganda yachemshwe, mvuke wake ukusanywe. Mafuta ya mvuke hayana neno. Yanayokamuliwa mabichi yana kitu kisichopanda na mvuke, nacho kikikutana na jua juu ya ngozi, huiunguza ngozi kama maji ya moto. Ukijipaka hayo, kaa kivulini mpaka kesho yake. Marceline aliyaandika maneno hayo daftarini, akayapigia mstari.

Mwezi wa kumi makala, makaa ya kuchemshia, yaliadimika. Umeme wa mabwawa ya Koni na Mwadingusha hupita juu ya mapaa yao ukienda kwa wenye migodi, wao wakabaki na waya za kutazama. Mfungo wa siku tatu ulikuwa umekaribia na kanisa lilitaka chupa zake. Basi Marceline akayakwangua maganda mabichi, akayakamua kwa kitambaa, akatia kwa kijiko, tena bila kubana. Alijiambia kwamba wafungaji watashinda ndani ya hangari ya kanisa, chini ya mabati. Jua watalionea wapi?

Akasahau kwamba lengalenga, ule mchicha wa bustanini, haifungi. Mama Adrienne ndiye aliyeilisha nyumba ya mwanawe Théophile kwa bustani yake ya kando ya kijito, na mwezi wa kumi, kabla ya mvua, bustani usipoinywesha siku moja imekufa. Akaomba ruhusa, akaenda kumwagilia tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Kwa kanisa lile aliyepakwa hafuti mafuta mpaka jua lizame, na mama yule hakuyafuta. Jasho lilimwingia machoni, nzi wakamtua usoni, wala hakugusa paji lake. Wapo waliojifuta kwa siri na hawakupatwa na lolote. Yeye alitii, na utii ndio uliomchoma.

Ingekuwa nyumba nyingine wangempaka dawa, yakaisha. Lakini nyumba ya Théophile ilikuwa na kaburi bichi. Mwezi wa nane walimzika binti yake Shekina, mtoto wa miaka mitatu, kwa homa ya siku nne. Mtoto akifa hivyo, watu huuliza mlozi gani amemla, na hawaulizi mbali, maana kikulacho ki nguoni mwako. Sasa Mungu mwenyewe alikuwa ameonyesha kwa kidole. Pasteur Élie alimsimamisha mama mzee mbele ya kusanyiko, akasema mafuta yaliwagusa watu themanini na kumkataa mmoja. Théophile, mvunja mawe wa Kakontwe, mwanamume mwenye mikono ya kutisha, alilia kama mtoto. Kisha akaafiki mama yake afungiwe chumba cha nyuma ya kanisa, afunge, kikombe kimoja tu cha maji kwa siku, mpaka aungame.

Marceline alikuwepo. Neno lilimfika mpaka kwenye meno likarudi. Aliogopa kukosa mkate wake, aliogopa kuitwa mwenye sumu, na zaidi aliogopa macho ya kusanyiko lile. Penye wengi pana Mungu, husema watu. Siku ile palikuwa na wengi tu. Akajiambia atasema Jumatano. Jumatano akasema Ijumaa. Wiki ikapita akiwasikia wenzake wakiomba kanisani, upande wa pili wa barabara, na kila sauti ya mama mzee ilipopungua, yeye aliona aibu kumeza chakula.

Siku ya tisa aibu ilizidi hofu. Alijua neno tupu halitamshinda pasteur, basi akaamua kuleta ushahidi ambao hata kipofu angeupapasa. Alijipaka mafuta yaleyale mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo, akafunga kitambaa katikati, akaketi uani juani saa zilezile alizokaa mama mzee. Siku ya pili yake hapakuwa na kitu ila wekundu. Ya tatu mkono ulivimba malengelenge kila mahali, isipokuwa palipofunikwa, ambapo ngozi ilikuwa safi. Marceline aliutazama mkono wake ulioungua akashukuru.

Alimkuta Théophile mlangoni kwake. Akamweleza yote bila kujificha: makala, kitambaa cha kukamulia, onyo la sista, na siku zote alizonyamaza. Théophile aliushika mkono ule, akapima kwa macho penye vidonda na pasipo. Marceline alidhani atampiga, na angempiga ingekuwa haki yake. Lakini mwanamume yule alivuta pumzi ndefu.

“Donc mama yangu haiko muloji,” akasema. “Ni jua.”

“Ni jua,” Marceline akajibu, akijigusa kifua. “Na ni minye.”

Walivuka barabara karibu wanakimbia. Mlango wa chumba cha nyuma haukuwa na kufuli tena, na hapo Marceline angepaswa kushtuka. Mama Adrienne alikuwa amekaa kwenye mkeka, bakuli la uji mbele yake, amekondeana, msalaba wa paji lake umegeuka mweusi. Alikuwa ameshaungama jana yake. Siku za kiu zilimfanya atafute ndani ya nafsi yake mpaka akapata: wiki ile aliyokufa Shekina aliota anakula nyama, na nyama ya ndotoni kila mtu anajua ni ya nani. Alimwomba mwanawe msamaha kwa sauti tulivu, ya mtu aliyetua mzigo. Théophile akamwambia hapana, mama, sikiliza kwanza, huyu atakueleza.

Marceline akapiga magoti. Akaeleza upya, polepole, kama sista alivyomweleza yeye, akakunja mkono wa blauzi ili mama aone. Mama Adrienne alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauchukua mkono ule, akauweka mapajani mwake, akapitisha vidole kando ya malengelenge kwa upole mkubwa, na machozi yakamlengalenga. Marceline akadhani amesamehewa.

“Usiogope,” mama mzee akasema. “Ukisha kusema, inapunguka. Na weye, mwana yangu, ulikulaka nani?”

Théophile, aliyekuwa amesimama bega kwa bega na Marceline, akautazama tena ule mkono, akasogea pembeni.