Noeli ya Kukaza Mkanda

Shemeji yangu Rénovat alitoka Mbarara akaja kambini Nakivale kutufundisha kukaza mkanda. Sijui kama umewahi kumwona mtu akibeba ndoo ya maji akaiuze ziwani. Mimi nimemwona, na alikuwa amevaa viatu vya kung'aa.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tumetoka Misa. Rénovat ni kaka mkubwa wa mume wangu, Salvator. Tulikimbia Burundi sote pamoja na kulala chini ya shitingi moja, turubai la wakimbizi, lakini yeye alipata kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi huko Mbarara, akapanda mpaka kuwa msimamizi, akapanga nyumba mtaa wa Kakiika na kumuoa Doriane. Sisi tulibaki kambini: mimi na Salvator, watoto wetu, na mama mzazi wa Salvator na Rénovat, Mama Apollinarie, anayelima kipande cha mtama nyuma ya nyumba na kukilinda dhidi ya ndege kama askari wa benki.

Tukampa kiti, kile pekee chenye mgongo. Akakohoa kidogo, akasema maisha yamepanda, kwa hiyo mwaka huu familia nzima tufanye Noeli ya kiasi, kwake Kakiika, ili gharama ziwe fasi moja. Mimi nikatazama sufuria yetu. Tangu mgao ulipopungua tunakula mara moja kwa siku, na mara hiyo moja huwa tunaiita chakula cha mchana ikiwa jua lipo na cha jioni ikiwa limezama. Nikamwambia shemeji karibu sana, tulikuwa tumeanza kunenepa, tunahitaji mtu wa kutuzuia. Salvator akanikanyaga mguu.

Rénovat akaendelea kwa vidole. Nguo mpya za watoto, hapana. Tukakubali, maana nguo za mwisho kuitwa mpya katika nyumba hii zilitoka kwenye robota la mitumba, na hata hapo kuna Mzungu aliyezivaa kabla yetu. Mbuzi, hapana. Tukakubali hilo pia, tukamfuta mbuzi ambaye hajawahi kuzaliwa. Nilifikiri amemaliza. Akashika kidole cha tatu akasema na ule mtungi wa pombe wa Mama, mwaka huu tuuache. Mtama ule bora usagwe uji wa watoto. Huko Kakiika kila mtu atapata chupa yake ya soda na mrija wake safi, na mambo ya kuinamia mtungi mmoja tuyasahau.

Mama Apollinarie alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Na wewe utaonja nini?" akamuuliza.

Rénovat akacheka, akasema ataonja keki.

Ngoja nieleze, kwa sababu hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka. Kwetu, pombe ya mtama hainywewi mpaka mwenyewe aionje mbele ya watu, kila mtu aone kwamba haina kitu kibaya ndani. Hiyo ni desturi ya Warundi wengi. Ya nyumba hii ni kwamba mtungi wa Noeli huonjwa na kichwa cha nyumba. Marehemu baba mkwe aliuonja mpaka Noeli yake ya mwisho. Alipokufa, Mama aliuchukua mrija wake, akauosha, akamkabidhi Rénovat aonje, kisha akautunza. Mzaliwa wa kwanza anaonja, anampa mama yake zamu, kisha sote tunachomeka mirija yetu na kuvuta, magoti yakigusana. Ukiwa na ugomvi na mtu unaumaliza kabla ya kushika mrija, la sivyo utakaa pembeni ukitazama wenzako wakivuta, na hakuna ugomvi unaostahili adhabu hiyo.

Kwa Mama, hapo ndipo anapojua kwamba nyumba yake bado ina mtu mbele. Nchi ilibaki nyuma, na shamba, na kaburi la mumewe. Kiti hicho kimoja cha mwonjaji ndicho alichokibeba. Noeli mbili zilizopita Rénovat alituma ujumbe kwamba kazi ni nyingi, na Mama hakupika kitu. Alisema mtungi hauonjwi kwa simu. Mwaka huu Rénovat alipoahidi kwamba tutakuwa pamoja, bibi huyu alipanda mtama kwa ajili ya siku hiyo. Mtama ni wake, kuni anaokota mwenyewe, mirija anachuma kwenye matete ya ziwani. Katika yote yaliyofutwa siku ile, mtungi ndio pekee ambao haumgharimu mtu yeyote shilingi. Sasa niambie, mtu anayebana matumizi anaanzaje na kitu cha bure?

Mama alisema sawa. Akaendelea na maharagwe yake.

Jibu nililipata Mbarara. Huwa napeleka samaki wakavu sokoni kule, na wiki moja kabla ya Noeli nilipomaliza kuuza nikapita Kakiika kumpelekea Doriane sombe, majani ya muhogo. Nikakuta ukuta wa mbele umepakwa rangi mpya. Uani, viti vya kukodi vimepangwa juu ya viti vingine mpaka usawa wa dirisha, na sebuleni kasiye za bia, yaani makreti, zimepandana, nikashindwa kupita na kikapu changu. Nikamuuliza Doriane kama wamehamia baa.

Doriane si mtu mbaya. Ana tatizo moja, hawezi kunyamaza akishika kisu na kitunguu. Akaniambia Rénovat amealika watu wa kazini, na mwenye nyumba wao, Mzee Byaruhanga, mwanajeshi mstaafu ambaye watu wa mtaa mzima humpisha njia. Kutakuwa na hema, mbuzi wawili, na keki ya ghorofa.

Nikamwambia lakini mbuzi amefutwa, nilikuwepo kwenye mazishi yake.

"Mama Ineza, huyo aliyefutwa ni wa kwenu," akasema, na uso ukamshuka. "Hata mimi nimeambiwa nikaze. Kitenge nitavaa cha mwaka jana."

Nikauliza sisi tutakaa wapi. Akanipeleka nyuma ya nyumba, karibu na jiko na tangi la maji, akanionyesha turubai lililokunjwa. Rénovat amesema familia wakae huku, ndipo watakuwa huru zaidi, wasisumbuliwe na wageni. Na mtungi, akaongeza kwa sauti ya chini, alikataa kwa sababu harufu ya pombe ya mtama inavuka ukuta, na hapendi watu wa kazini waone mama yake ameinama chini na mrija mdomoni.

Nimepigwa na maisha mara nyingi, na kwa kawaida huwa nacheka kwanza ndipo natafuta mahali palipovimba. Siku ile sikucheka. Mama aliyembeba mtu mgongoni akawekwe karibu na tangi, kama pipa la pili? Nikamwachia Doriane sombe yake, maana haikuwa na kosa, nikaondoka. Njia nzima garini mpaka Kaberebere nilikuwa nasema peke yangu, na abiria wa pembeni yangu akaona ni heri ahamie kiti kingine.

Nyumbani nilimwambia Salvator kwa kunong'ona. Akasema tuvumilie, ni kaka yake, siku moja itapita. Nikamwambia aende yeye akavumilie huko jikoni. Tukawa tunanong'onezana kwa ukali namna hiyo, tumesahau kwamba chumba cha Mama na chetu vinatenganishwa na shitingi tupu. Shitingi ikasogea. Mama akasimama pale na kanga yake ya kulalia.

"Kesho loweka mtama," akaniambia. "Hatuendi."

Basi nikampigia shemeji. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba tumeufuata mpango wake mpaka mwisho, na tumegundua gharama kubwa kuliko zote ni sisi wenyewe: nauli ya familia nzima kwenda na kurudi. Kwa hiyo tumejifuta. Nilitegemea abishe kidogo. Nilimwachia hata nafasi ya kubisha. Rénovat akasema hakuna shida, mmefanya vizuri, na alisema haraka kama mtu aliyetuliwa gunia. Hiyo haraka yake ndiyo iliyoniuma kuliko hema na keki.

Mama akaninyang'anya simu. Akamwambia tu kwamba mrija wa baba yake ameuosha, uko tayari. Akakata.

Mtama tuliuloweka, ukachipua, tukauanika. Mimi nikausaga, yeye akapika na kuonya kila mtu asipite karibu na mtungi akiwa na hasira, akinitazama mimi. Siku ya Noeli tulitoka Misa tukala wali, maharagwe na samaki mmoja mkubwa aliyegawanywa kwa haki ya mahakamani. Kisha Mama akatandika mkeka mbele ya nyumba, akaweka mtungi, akapanga mirija, na ule mrefu wa marehemu akauweka mbele ya nafasi tupu.

Tukakaa tukingoja.

Majirani walipita wakatusalimia, wakatazama mtungi, wakatazama nafasi, wakaendelea na safari zao. Ineza, binti yangu, akauliza kama pombe imeharibika. Salvator akasema kwa upole kwamba labda aonje yeye. Mama akatikisa kichwa. Hakutaka mdogo akalie kiti cha mkubwa. Alisema ugomvi wa ndugu huanza hivyo. Kivuli cha nyumba kikasogea mpaka kikafika kwenye mkeka. Mama akautazama ule mrija kwa muda mrefu. Kisha akauinua akanielekezea mimi.

"Wewe ndiye uliyesaga. Onja."

Mke wa mdogo mtu, tena mwenye mdomo kama wangu. Nilitaka kufanya mzaha, mzaha haukuja. Nikaonja. Pombe ilikuwa nzuri kweli, na bado niliimeza kwa hasira, kwa sababu haikuwa yangu. Mama akafuata, kisha wote wakachomeka.

Hatukuwa tumefika nusu ya mtungi gari lilipokuja likitimua vumbi, likasimama mlangoni. Akashuka mzee mrefu mwenye kofia, ameshika kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Nyuma yake akashuka Rénovat, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepelekwa polisi.

Mzee akatembea moja kwa moja mpaka kwa Mama, akapiga goti moja.

"Mama, mimi ni Byaruhanga. Pole sana na ugonjwa. Kijana aliniambia uko kitandani."

Doriane alinisimulia baadaye ilivyokuwa: Mzee Byaruhanga alikaa hemani, akapewa bia, akauliza mama wa mwenye sherehe yuko wapi ili amsalimie kwanza, na Rénovat akasema anaumwa sana. Yule mzee akaweka chupa chini. Akasema yeye hawezi kula mbuzi wa mtu ambaye mama yake anaumwa, akaagiza maziwa kwake, akamwambia Rénovat apande, akawasha gari.

Kwa hiyo shemeji, baada ya kufuta nguo, mbuzi na mtungi, alikuwa amefuta na afya ya mama yake.

Sote tukamtazama Mama, ambaye alikuwa amekaa wima kama mshumaa wa kanisani, mrija mkononi. Angeweza kummaliza mwanawe kwa neno moja. Mimi ningemmaliza kwa matatu. Mama akakipokea kibuyu, akashukuru.

"Nilikuwa naumwa," akasema. "Leo nimeinuka." Kisha akanigeukia. "Mama Ineza, wageni wamefika. Wape viti."

Nikaleta kiti chenye mgongo na kigoda. Byaruhanga akakitazama kiti, akautazama mtungi, akasema yeye amelelewa na pombe ya mtama na hajaja huku kukaa mbali nayo. Akavua kofia, akajibana mkekani kati ya Salvator na Ineza, akapewa mrija. Rénovat akabaki kwenye kiti, peke yake, viatu vyake vimejaa vumbi. Mama akasema na huyu mgeni mwingine apewe soda. Tulikuwa nayo moja, tuliyomwekea mtoto. Nikaifungua, nikaileta na mrija safi, kila kitu kama alivyoagiza Majilio.

Akaishika. Hakuinywa. Mkekani watu walikuwa wanavuta, Byaruhanga anasimulia habari za kambi ya jeshi, Mama anacheka, na kila cheko lilikuwa linampita Rénovat pembeni. Hatimaye akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama, naomba nionje."

"Mtungi umeshaonjwa," Mama akamjibu. "Ukitaka mrija, mwombe aliyeonja."

Akanigeukia. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima. Niliyapanga, nikachagua moja.

"Shemeji, si ulisema kila mtu na chupa yake?"

Aliweka soda chini, akavua viatu, akaja akapiga magoti mahali palipobaki, akamwambia mama yake kwamba aliona haya, na kwamba haya ile haikuwa ya Mama, ilikuwa yake. Byaruhanga akajifanya anaangalia ng'ombe wa mbali ambao hawakuwepo.

Nikampa mrija mrefu. Sikumpa kwa ajili yake. Nilimpa kwa sababu Mama alikuwa ameacha kuvuta, na mkono wake ulikuwa umeshikilia ukingo wa mtungi kama mtu anayeogopa utaondolewa. Rénovat alipovuta, mkono ukalegea. Mwakani mkubwa ataonja kwanza, akasema Mama, akifika mapema.

Mimi bado nina hasira, na niliwaambia hivyo, lakini niliisogeza kando mpaka mtungi uishe, maana sheria ni sheria. Maziwa ya mgonjwa tuliwapa watoto.