Shakwe Aliyechechemea

Gari lilikuwa limeshatoka getini na kukata kona ya kwanza ndipo Mwenyekiti alipowaambia wanakwenda wapi. Ndivyo walivyo watu wa kutazama ndege: kila mmoja anachelea mwenzake asije akatangulia kuona.

"Mabwawa ya majitaka," alisema. Alikuwa mng'oa meno mstaafu, na mpaka leo akikusemesha anakutazama mdomoni. "Mlinzi wa pampu kanipigia. Anasema katua shakwe kichwa-cheusi kati ya mabata. Lakini safari hii sitaki hadithi za kubuni."

Watu wakacheka. Fundi cherehani, aliyeketi nyuma na darubini ya marehemu mumewe mapajani, hakucheka. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mumewe. Mwaka juzi alirudi kutoka mabwawa hayohayo akisema kamwona shakwe huyo, ambaye hajapata kufika pande hizi. Sheria ya kikundi ni moja: ndege aliyeonwa na mtu mmoja hahesabiwi, lazima awepo wa pili. Wa pili siku ile alikuwa mdogo wake, na mdogo wake akasema, "Mimi niliona bata tu." Kwisha. Wakambandika jina, Kapteni Shakwe. Akaacha kikundi, akaacha hata kutoka nje, akafa na jina hilo.

Mjane alikuja kwa jambo moja tu, kujua nani alidanganya. Akayakaza macho kwenye kisogo cha shemeji yake, kiti cha mbele.

"Shemeji, kisogo changu kina nini?" akauliza yule, akimwona kwenye kioo cha dereva.

"Nahesabu mvi."

"Utamaliza kabla hatujafika, ziko chache."

"Utashangaa."

Dereva akaguna kicheko, halafu akajifanya anakohoa.

Mabwawani harufu ilikuwa ya kukaba koo, lakini bata wa mwituni walijaa tele, wengine wanachovya vichwa, wengine wanagombana kama wapangaji wa nyumba moja. Mwenyekiti akasimika darubini yake ya miguu mitatu juu ya tuta, wote wakaelekeza macho kwenye kisiwa kidogo katikati ya bwawa la kwanza.

"Mimi najisaidia kidogo," alisema shemeji, akashika njia ya nyumba ya pampu.

Alikwenda na darubini. Fundi cherehani akajiuliza mtu mzima anajisaidia akiangalia nini. Akamfuata polepole.

Alimkuta amechutama nyuma ya ukuta, darubini machoni, ameelekea bwawa la mwisho ambako hakuna mtu aliyekuwa anatazama. Naye akainua yake. Kwenye majani marefu, yakimfika tumboni, alikuwa amesimama ndege mweupe mwenye kichwa cheusi tii, mabata wamemzunguka kama mgeni rasmi.

"Bata?" akamuuliza.

Furaha ilikuwa imeshampanda yule mtu kichwani. "Bata gani! Ndiye, shemeji. Ngoja atoke majanini, utaona anavyochechemea. Mguu wa kushoto."

Shakwe akatoka majanini. Akachechemea. Mguu wa kushoto.

Habari ya ule mguu mumewe alimwambia yeye tu, jikoni, maana kikundini walimcheka kabla hajafika miguuni.

"Huku! Njooni huku!" Shemeji alikuwa ameshapaza sauti. Watu wakaja mbio, mabuti yakichapa tope, na kwa kishindo hicho mabata wote wakaruka. Shakwe akaruka nao, akapita juu ya ukuta, akapotea.

"Nimemwona!" Shemeji alihema. "Shemeji naye kamwona. Tuko wawili. Sisi ndio wa kwanza!"

Mwenyekiti akamgeukia mjane, akamtazama mdomoni. "Umemwona, mama?"

Akisema ndiyo, shakwe anaandikwa kwa jina la mdogo mtu, wa kwanza kabisa, na mumewe anabaki mzushi.

"Shemeji, ulijuaje atachechemea na alikuwa bado majanini?"

"Nilikisia."

"Na mguu wa kushoto ukaukisia?"

Hakuna aliyecheka.

"Sema ya siku ile mbele yao," akamwambia, "nami nitasema ya leo."

Yule akainama kama anafunga kamba za viatu. "Kila kitu alikuwa wa kwanza yeye," alinong'ona, akisikiwa na shemeji yake tu. Kisha akasimama, akasema kwa sauti, "Siku ile niliona bata."

"Basi nami leo nimeona bata."

Shakwe hakuhesabiwa, na hajaonekana tena. Mlinzi wa pampu alihamishiwa kwingine. Mwenyekiti aliongoza kikundi mpaka magoti yalipomshinda. Gari liliuzwa, na dereva sasa anabeba mchanga. Shemeji hukaa mabwawani kila Jumamosi, peke yake, na akirudi hupitia kwa fundi cherehani na suruali ya kushona, ingawa kwao wapo mafundi wawili. Fundi humshonea. Habari za ndege hawazizungumzi. Darubini ya marehemu iko kwenye rafu ya nyuzi, na shemeji akiingia huketi akiwa ameipa mgongo.